Barua kwa Babu kuhusu mbwa wa Berlin

Berlin, Ujerumani

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, na baridi imeanza kupungua. Tulipozungumza kwa simu uliniuliza kama mbwa wa huku wanaweza kufukuza ngedere shambani, nami nikaishia kucheka kwa sababu salio lilikuwa linakatika. Leo nimekaa nikujibu kwa kituo.

Jambo lililonifumbua macho lilinipata wiki ya tatu baada ya kufika, nilipokwenda kutembea katika msitu wa Grunewald, sehemu ambayo, bila mimi kujua, mbwa wanaruhusiwa kufunguliwa kamba. Mbwa mkubwa mweusi alinijia mbio, nami, kama ulivyotufundisha tangu utoto kule Muheza, nikainama kana kwamba naokota jiwe. Wajua mwenyewe kuwa kwetu hata jiwe lenyewe halihitajiki; mgongo ukipinda tu, mbwa amekwisha kugeuka na mkia ameufyata. Huyu aliongeza mbio. Alipofika aliniramba shavu, akarudi nyuma hatua mbili, akalaza kifua chini na kuinua matako, akawa anaukodolea macho mkono wangu akingoja nimrushie kitu. Maisha yake yote, mtu akiinama ni kwa ajili ya kuokota mpira au kumpapasa. Mwenyewe, mama wa makamo, alicheka akasema kwamba mbwa wake amenipenda. Mimi mawazo yangu yalikuwa kwenye mate: naishi ghorofa ya nne, na udongo wa kuoshea mara ya kwanza kati ya zile saba ambazo dini yetu inatuagiza tukiguswa na mate ya mbwa nilimwomba jirani kutoka kwenye chungu chake cha maua, bila ya kumweleza sababu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwachunguza. Wanapanda treni pamoja na watu, wanalala chini ya viti, na abiria wanawaruka miguu bila ya kukatiza mazungumzo. Nje ya maduka ya vyakula, ambamo hawaruhusiwi kuingia, utamkuta mbwa amefungwa kwenye chuma, macho hayabanduki mlangoni, wala hambwekei mpita njia hata mmoja. Usiku ndio ulionishangaza zaidi, kwa maana kwetu mmoja akianza kubweka, wa mtaa wa pili humjibu mpaka sauti zifike ng'ambo ya mto, ilhali hapa hakuna mbwa koko wa kujibu, na ukimya wenyewe ulininyima usingizi miezi ya mwanzo.

Usidhani kwamba wamezaliwa wapole. Kila mbwa wa mji huu ana mwenyewe, na mwenyewe hulipa kodi ya euro 120 kwa mwaka, ambazo kwa fedha zetu ni zaidi ya laki tatu. Mbwa wa pili hulipiwa 180. Kanuni zao zinadai pia kwamba mbwa atolewe nje kwa muda wa kutosha. (Najua utauliza ni nani anayemtoa nje mkulima.) Kichaa cha mbwa nacho, ambacho kwetu ndicho kinachomfanya mzazi amvute mtoto kando mara tu amwonapo mbwa asiyemjua, hapa kilitoweka kwa mbwa na mbweha, nchi ilitangazwa kuwa salama mwaka 2008, baada ya miaka mingi ya kuwamwagia mbweha msituni chambo chenye chanjo. Kwa hiyo sioni kwamba sisi ni waoga au wakatili kuliko wao. Sisi tuna sababu ya jiwe, na mbwa wetu wanaijua.

Kuhusu ngedere, jibu ni hapana. Mbwa wako Tabu, anayelala nje, akala dona na vichwa vya dagaa, kisha akalinda michungwa tangu alfajiri, angewaaibisha hawa wote kabla ya saa tatu asubuhi.

Hata hivyo ninalo ombi moja. Nikija likizo mwezi wa nane nataka nichuchumae mbele yake, mikono mitupu, nione atafanya nini. Tafadhali uwe karibu na fimbo yako.

Mjukuu wako akupendaye