Tuonyesheni na upande wa nyuma

Mhariri, salaam.

Makala yenu ya hela za kale nimeisoma yote na nimeipenda, ila picha jamani! Mmeweka sarafu ya Efeso, kichwa cha Kaisari peke yake, chini mkaandika "sarafu ya Kirumi" mkamaliza, wakati maandishi yote yaliyomzunguka ni Kigiriki.

Dhahabu ilikua ya Roma, na fedha pia kwa sehemu kubwa, lakini chenji ya shaba ya sokoni, miji ya Wagiriki iliyokua chini ya Roma ilijipigia yenyewe, mamia ya miji hiyo. Mbele wanamweka Kaisari ili mambo yaende (Athens hata hawakumweka), nyuma ndo wanajimwaga. Efeso wanaweka Artemi, mungu wao wa kike, yuleyule wa zile fujo za Matendo 19. Elis, mji wa Ugiriki, zama za Kaisari Hadrian, wakaweka sanamu ya mungu Zeus aliyoitengeneza mchongaji Pheidias, sanamu yenyewe ilishapotea kitambo kwahiyo anayetaka kujua ilikaaje anaangalia humo. Alafu kuna Apamea ya Frigia, hii kwangu ndo kiboko: safina kama kisanduku inaelea, ndani mume na mke, ubavuni herufi tatu ΝΩΕ yani Nuhu, juu ndege katua, mwingine anakuja na tawi, na pembeni walewale wawili wameshashuka wameinua mikono. Mbele nani? Septimius Severus, Kaisari mpagani kabisa.

Na majigambo sasa, Efeso, Smirna na Pergamo wanashindana nani kapewa mahekalu mengi ya Kaisari na idadi wanaipiga kwenye sarafu, Simba na Yanga wakasome.

Siyo kwamba upande wa kichwa hauna kisa. Kaisari Caracalla alipomuua mdogo wake Geta mwaka 211, kule mji wa Stratonicea wakachukua sarafu zenye sura za ndugu wote wawili wakamkwangua Geta, ukiiangalia leo unamuona Caracalla katumbulia macho pengo tupu.

Pia mmeandika sarafu hizi ziliisha Roma ilipoanguka, hapana. Karne ya 3 fedha ya Roma ilichakachuliwa mpaka kupiga vishaba ikawa haina faida, miji ikaacha mmoja mmoja, Perge wakawa kati ya wa mwisho kabisa zama za Kaisari Tacitus, 275 hadi 276. Roma yenyewe ilikua bado ipo ipo sana.

Mkirudia mada hii naomba picha mbili, mbele na nyuma, na chini yake jina la mji. Mara nyingi limeandikwa palepale kwenye sarafu.

Msomaji wenu,
Mwanza