Msiukate ugomvi wa franga: barua kwa vijana wa maigizo wa Katuba, Lubumbashi

Watoto wangu,

Jumamosi nilikaa kwenye ile benchi chini ya mwembe, ndani ya lupango, kile kiwanja mnamofanyia mazoezi, nikawaangalia mpaka mvua ilipotufukuza sote. Nilifurahi. Kumchukua Shakespeare, kumpitisha katika Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, aliyetoa tafsiri yake ya mchezo wa Julius Caesar mwaka 1963, halafu kumteremsha tena katika Kiswahili chetu cha Katuba mpaka mama muuza makala, yaani mkaa, aelewe bila mkalimani, hiyo si kazi ndogo. Sisi tuliocheka miaka mingi na kundi la maigizo la Mufwankolo tulijua zamani kwamba Kiswahili cha Lubumbashi hakishindwi na mzigo.

Mambo mawili tu yaliniamsha usiku. La kwanza ni miwani. Mmemvisha Cassius, mpanga njama ya kumuua Caesar, miwani nyeusi na kumpa kicheko cha mchawi, na Brutus, rafiki wa Caesar anayevutwa katika njama hiyo, mmempa shati jeupe lililopigwa pasi. Mtazamaji hajakaa vizuri kwenye kiti, tayari ameshajua amchukie nani. La pili ni neno alilolitoa mmoja wenu mlipofika kwenye ugomvi wa wawili hao hemani: «Mzee, ile mambo ya franga inachokesha batu. Tunaitosha.» Yaani maneno ya pesa yanachosha watu, tuyaondoe. Nawaandikia hadharani kwa sababu najua kuna makundi mengine mjini yenye mkasi uleule.

Tuanze na miwani. Ni kweli Cassius anaghushi barua na kufanya zitupwe dirishani kwa Brutus, zionekane zimetoka kwa raia wa Roma. Huo ni uongo, sitamtetea. Lakini isomeni tena sehemu ile polepole. Barua anayoisoma Brutus haikukamilika. Inataja Roma, kisha inaacha pengo, na Brutus mwenyewe ndiye anayelijaza. Nusu ya uongo ameiandika Cassius, nusu ya pili ameitunga yule mwenye shati jeupe, usiku, peke yake, bila kushikwa mkono na mtu.

Na kabla barua hiyo haijamfikia, sikilizeni anavyojisemea bustanini. Neno lake la kwanza ni kwamba Caesar lazima afe. Baada ya hapo ndipo anatafuta kwa nini. Anakiri kwamba hana ugomvi naye wa binafsi. Anakiri kwamba hajamwona Caesar akiruhusu tamaa impite akili. Basi inabidi amhukumu kwa kosa la kesho: akivikwa taji huenda akabadilika, kwa hiyo tumwone kama yai la nyoka, tumuue angali ndani ya ganda. Mara ngapi mmesikia hukumu imetangulia na sababu ikaja nyuma yake ikikimbia? Mji wetu huu, ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville, Lumumba alishushwa hapa kwenye ndege tarehe 17 Januari 1961 na hakuuona mwanga wa asubuhi. Waliohusika hawakukosa maneno mazuri kuhusu usalama wa nchi. Niishie hapo, hii ni barua ya maigizo.

Sasa franga. Caesar amekwisha kufa, vita inakuja, Brutus na Cassius wamefungiana ndani ya hema. Brutus anamshambulia mwenzake: una mkono unaowasha, unauza vyeo kwa dhahabu, tulimuua mtu mkubwa kwa ajili ya haki, leo tuchafue vidole vyetu kwa rushwa? Maneno ya dhahabu hayo, na mtazamaji atapiga makofi. Muda mfupi baadaye, Brutus huyohuyo analalamika kwamba alituma watu kwa Cassius kuomba dhahabu ya kulipa askari wake, naye akamnyima. Anaeleza kwamba yeye hawezi kupata pesa kwa njia mbaya, hawezi kuwakamua wakulima maskini. Kwa hiyo alimwomba Cassius.

Na ya Cassius ilitoka wapi?

Hilo ndilo mnalotaka kulitosha. Mkilitosha, mnabaki na Brutus wa shati jeupe, na mtu wa namna hiyo hayupo, si Roma wala Katuba. Wewe unayemcheza, maneno hayo usiyaseme kwa kukonyeza macho kama mnafiki. Yaseme kwa dhamiri safi kabisa, maana Brutus hajui. Anataka nyama na hataki kusikia habari za bucha. Ukiyasema hivyo, ukumbi utanyamaza wenyewe.

Nimejuaje? Nilipokuwa mwalimu kijana nilisimamia maigizo ya mwisho wa mwaka. Kulikuwa na mvulana aliyewapita wenzake wote kwa sauti na kwa kukumbuka maneno. Nafasi ya mfalme nikampa mwingine, nikatangaza darasani kwamba yule anachelewa mazoezini. Kweli alikuwa anachelewa, alikuwa akimsaidia mama yake kuteka maji. Wiki iliyofuata akaanza kufika kabla yangu. Nikasema sauti yake inavunjika. Sauti ikatulia, nikasema ni mfupi mno kwa mfalme. Asubuhi moja, nikinyoa ndevu, nikakumbuka kwamba mwezi uliotangulia alirekebisha Kifaransa changu ubaoni, mbele ya wote, kwa adabu, tena alikuwa na haki. Kila sababu niliyoitoa ilikuwa ya kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa sababu. Nafasi ya mfalme sikumrudishia.

Tangu hapo, nikisoma kitabu, sihangaiki sana na maelezo anayoyatoa mhusika. Nangoja ile sababu yake iondoke, nione kama tendo litaondoka nayo. Antony, rafiki wa Caesar, analilia maiti yake na kuwasomea watu wosia: kila raia drakma 75. Umati unachoma nyumba. Tukimkuta tena, amekaa mezani na wenzake wakiandika majina ya watakaouawa, na anaagiza wosia uletwe waangalie jinsi ya kupunguza malipo. Majonzi yake huenda yalikuwa ya kweli. Ila umati ulipokwisha kufanya kazi yake, zile drakma zilipoteza umuhimu.

Kuna wanaotaka mwandishi awasaidie kidogo. Kwa hao yupo Shaaban Robert, ambaye katika Adili na Nduguze aliwaita wale ndugu wawili Hasidi na Mwivu, na ukisikia majina umeshafika nyumbani. Nampenda. Lakini mkitaka mtu asiyejijua, someni Entre les eaux, riwaya ya Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefundisha katika chuo kikuu cha hapa kwetu. Kilitoka mwaka 1973. Padri Pierre Landu anaiacha parokia na kuingia porini kwa waasi, akisema anamfuata Kristo kwa maskini. Kutoka huko anaoa. Kutoka kwenye ndoa anaishia monasteri. Kila mlango ana sababu yake nzuri ya kuingia na nyingine ya kutoka, na yeye ndiye anayetusimulia, kwa hiyo hatuna Cassius wa kumbebesha lawama. Nilikisoma mara ya kwanza nikimhurumia. Mara ya pili nilikasirika naye sana, na nadhani ni kwa sababu ya yule mvulana.

Basi Jumamosi ijayo naomba hivi. Miwani ibaki nyumbani. Cassius na Brutus wabadilishane nafasi kwa saa moja, kila mmoja aonje kinywa cha mwenzake. Ugomvi wa hemani urudishwe wote. Ukichosha watu, kosa ni la uchezaji, tutaufanya tena mpaka usichoshe. Na wewe uliyeniuliza njiani kama Brutus ni muzuri ao mubaya, njoo uniambie kwanza ile dhahabu ilitoka mfukoni mwa nani. Mvua ikinyesha tena, tuhamie kwangu. Sebule ni ndogo, lakini hata lile hema halikuwa kubwa.

Baba yenu,
mwalimu wa zamani, Lubumbashi