Padre, wimbo wa Mwalimu haujaimbwa

Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mama amenikataza kukuita tena kwa jina la nyumbani, nami nakubaliana naye. Mikono iliyopakwa krisma ina heshima yake. Ila mimi bado ni dada yako mkubwa, na kwa kuwa simu zangu hupokei, nakuandikia hapa hapa, atakayesoma asome.

Kwanza hongera, mdogo wangu. Sijawahi kulia kanisani kama siku ya upadrisho wako, ulipolala kifudifudi na litania ya watakatifu ikaanza. Nilikuwa naitika "utuombee" huku naikumbuka miaka yote ile, seminari ndogo, falsafa, teolojia, mwaka wa kichungaji, ushemasi. Askofu alipokuwekea mikono, na mapadre wakafuata mmoja mmoja, Mama alinishika mkono mpaka ukauma.

Misa ya shukrani ndiyo imenikaa kooni.

Ulituona. Kwaya ya kigango ilikuwa imesimama karibu na mlango wa sakristia, vitenge vimepigwa pasi, Mwalimu wetu wa kwaya mbele. Kamati ilishaamua kwaya ya mjini iimbe misa nzima, wana spika zao na kinanda cha umeme, na sisi hatukubisha. Tuliomba wimbo mmoja tu baada ya komunyo, ule aliokutungia wewe. Aliuandika kwa solfa, sauti nne, akanakili kwa mkono kwenye karatasi za daftari la hesabu, na macho yake unayajua yalivyo. Mtu wa kamati akaja akamwambia, "Mzee, ratiba imebana." Ulikuwa hatua chache tu kutoka pale, umeshavaa kasula, unasubiri maandamano. Ulitazama, kisha ukajifanya unaiweka sawa kasula begani. Mwalimu akazikunja karatasi zake, akazitia kwenye mfuko wa shati, akaenda kukaa na waumini.

Nani alikuweka kwenye kile kinanda cha kukanyaga sauti yako ilipovunjika, ukataka kuacha kwaya kwa aibu? Kilikuwa karibu kabisa na altare, na wewe mwenyewe ulituambia jikoni kwamba hapo ndipo ulipoanza kuitamani kazi ya padre, kwa kuitazama mikono ya padre wakati wa mageuzo ya mkate na divai. Tangazo la upadrisho wako liliposomwa, waamini wakaulizwa kama kuna kizuizi, ni Mwalimu aliyezunguka nyumba kwa nyumba akikusemea mema.

Siku ile ulipoimba "Tumshukuru Bwana Mungu wetu", nilimsikia yeye ndani yako. Ile namna ya kuvuta pumzi mapema ili neno lisikatike katikati, hukuipata seminarini. Kisha ukasimama kutoa shukrani. Askofu, gambera wa seminari, walezi, wafadhili, kamati, wapishi, hadi wapiga picha. Nikasubiri. Ukafunga kwa sala.

Sasa watu wa ukoo wanasema nilinuna kwa sababu ya kiti nilichopangiwa, ndiyo maana tulipoitwa kutoa zawadi sikuonekana. Nilikuwa namsindikiza mzee nyumbani. Giza likiingia haoni, na hakuna aliyekumbuka kumtafutia gari. Baba angekuwa hai angenituma kufanya hivyo hivyo. Zawadi nilimpa Mama akufikishie, na kesho nikiitwa tena nitamsindikiza tena.

Huko parokiani ulikopangiwa utawakuta wazee wa namna yake, wenye madaftari yaliyochakaa na nyimbo ambazo hazijawahi kurekodiwa. Wasikilize kabla kamati haijakufikia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, uliagiza kwaya ziendelezwe kwa bidii na waamini wote washiriki kuimba. Hayo umeyasoma kuliko mimi. Mimi ninachojua ni kwamba padre hatoki mbinguni. Sisi tulikulea kwa mahindi, kwa rozari na kwa mazoezi ya Jumamosi jioni.

Nakupenda, na najivunia kila unaposema misa. Ndiyo maana sinyamazi.

Njoo kabla ya Pasaka, useme misa kigangoni, bila kamati. Karatasi za wimbo ninazo mimi. Soprano na alto tuko tayari, tenori wapo wawili, na besi tumempata kijana wa jumuiya ya jirani. Mwalimu anasema kinanda upige wewe baada ya komunyo. Tupe tarehe.