Kuomba ufilisi si kujibu samansi ya nyumba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie ndugu zetu waishio Marekani, pamoja na jamaa zao huku nyumbani wanaopigiwa simu usiku kuombwa ushauri. Imezagaa imani kwamba mtu akishafungua shauri la ufilisi, karatasi zote za mahakama kuhusu nyumba yake ni za kutupia kwenye droo. Imani hiyo inawatoa watu kwenye nyumba ambazo zingeweza kuokolewa.

Ni kweli kwamba saa ile shauri la ufilisi linapopokelewa, kifungu cha 362 cha sheria ya ufilisi ya Marekani huweka zuio. Mkopeshaji hana ruhusa ya kufungua kesi ya rehani, kuiendeleza, wala kuinadi nyumba. Lakini zuio husimamisha kesi, haliifuti. Tena mahakama ya ufilisi ni ya shirikisho na kesi ya rehani iko mahakama ya jimbo, na mahakama hizo hazisomeani mafaili. Kwa hiyo peleka masjala ya mahakama ya jimbo ilani ya ukurasa mmoja yenye namba ya shauri la ufilisi, tarehe lilipofunguliwa na jina la mahakama. Nakala moja mpe wakili wa mkopeshaji. Kama mnada ni kesho, nakala nyingine ifike leo kwa anayeuendesha.

Aliyekuwa na shauri lingine la ufilisi lililotupwa ndani ya mwaka mmoja uliopita ajihadhari: zuio lake hukoma baada ya siku 30, isipokuwa jaji aliongeze kabla ya hapo. Yakiwa yametupwa mawili au zaidi, zuio haliwi hata la dakika moja mpaka aliombe na kupewa.

Karatasi ikifika, anza na kichwa chake. Kikiwa na maneno United States Bankruptcy Court, huenda mkopeshaji anaomba aondolewe zuio. Muda wa kupinga umeandikwa humo humo, mara nyingi wiki mbili, na usipopinga jaji huweza kutoa ruhusa bila kukusikiliza. Kinachosaidia hapa ni ushahidi: taarifa za benki zinazoonyesha malipo ambayo hayakuingizwa kwenye hesabu, uthibitisho kwamba nyumba ina bima na thamani yake inazidi deni, au pendekezo la kulipa miezi iliyokosekana kwa tarehe zinazotajwa. Kueleza tu kwamba maisha ni magumu hakutoshi.

Kichwa kikitaja mahakama ya jimbo au ya kaunti, na zuio limekwisha kuondolewa au shauri la ufilisi limefungwa, hiyo ni samansi inayotaka majibu ya maandishi. Kentucky, Florida na Iowa ni siku 20, Ohio 28, Illinois 30, New Jersey 35. Hesabu huanza kesho yake baada ya kukabidhiwa, wikendi zikiwemo. Ukinyamaza, mkopeshaji anaomba hukumu ya upande mmoja, na kuitengua ni kazi kubwa kuliko kujibu.

Majibu huandikwa aya kwa aya kufuata namba za hati ya madai: nakubali, nakanusha, au sina taarifa za kutosha. Aya ikisema ulisaini mkataba wa mkopo na ni kweli, kubali. Aya ikisema wewe binafsi unadaiwa, nawe ulikwisha kupata amri ya kufutiwa madeni, andika hivi: "Nakanusha. Dhima yangu binafsi ilifutwa na Mahakama ya Ufilisi," kisha taja namba ya shauri na tarehe, na uambatishe amri yenyewe. Dai uthibitisho kwamba mlalamikaji ndiye mwenye haki ya mkopo, kwa sababu mikopo ya nyumba huuzwa mara nyingi. Kagua pia kama kesi ilifunguliwa kabla hujachelewa kulipa kwa zaidi ya siku 120, jambo ambalo kanuni za shirikisho kwa kawaida hulikataza kwa nyumba unayoishi. Majibu yaandikwe kwa Kiingereza, yasainiwe, yapelekwe masjala, na nakala iende kwa wakili wa mlalamikaji.

Hapa ndipo wengi wanapokwama: deni limefutwa, kwa nini bado wanaitaka nyumba? Kwa sababu ufilisi hufuta dhima yako, lakini rehani hubaki imeishika nyumba. Mkopeshaji anaweza kuinadi. Hawezi kukudai kilichopungua baada ya mnada, ila kama ulisaini mkataba wa kulithibitisha upya deni, yaani ulikubali kuendelea kudaiwa licha ya ufilisi. Na mtu aliyetangaza kwenye fomu za Sura ya 7 (ufilisi wa kufutiwa madeni bila mpango wa malipo) kwamba anaiachia nyumba asitegemee kuipigania baadaye huko Florida. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya shirikisho inayohudumia Florida, Georgia na Alabama iliamua kwamba aliyeachia hawezi tena kupinga mnada.

Anayetaka kubaki na nyumba, Sura ya 13, yaani ufilisi wa kulipa kidogo kidogo kwa mpango, ndiyo yenye nguvu. Malimbikizo hulipwa kwa miaka mitatu hadi mitano: dola 18,000 kwa miezi 60 ni dola 300 kwa mwezi, kabla ya ada ya msimamizi anayepokea malipo hayo. Wengi huanguka kwa sababu husahau kwamba rejesho la kawaida la kila mwezi linaendelea pale pale, juu ya hizo 300. Na lazima shauri lifunguliwe kabla nyumba haijauzwa.

Walioko Texas na Georgia wasisubiri samansi, maana huko nyumba nyingi huuzwa bila kesi, Jumanne ya kwanza ya mwezi. Texas ilani ya mnada hutolewa angalau siku 21 kabla.

Washauri wa nyumba walioidhinishwa na idara ya makazi ya shirikisho, HUD, hawatozi fedha kwa kazi hii, na kila jimbo lina ofisi za msaada wa kisheria. Atakayekutaka umwandikie hati ya nyumba kwa jina lake ili "akuokoe" usimsainie chochote. Mkalimani wa Kiswahili mwombe masjala kwa maandishi mara tu tarehe ya kusikilizwa inapopangwa, kwa kuwa kumpata huchukua muda.

Msaidizi wa kisheria,
Louisville, Kentucky