Rafiki Yangu Ameliona Jina Lake Katika Daftari Langu

Mpendwa Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, fundi wa kushona nguo na msharika wa Kanisa la Kilutheri hapa Mbagala. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wasomaji wenzangu bila kudhani kwamba siku moja nami ningekuandikia, lakini jambo lililonipata mwezi uliopita limeninyima usingizi, na kila ninapolipeleka kwa watu ninaowaheshimu napewa jibu jepesi kuliko swali lenyewe.

Kwa miaka 11 nimepanga fremu moja na fundi mwenzangu, mwanamke wa Kizaramo na Mwislamu anayeishika dini yake kwa dhati. Tulianza na vyerehani viwili vya miguu; leo tunavyo vinne pamoja na mashine ya ovaloki tuliyoinunua kwa kuchanga nusu kwa nusu. Kodi tunachanga, umeme wa luku tunachanga, na mteja akimkosa mmoja humwachia mwingine kitambaa chake bila wasiwasi. Mwezi wa Ramadhani, anapoelemewa na nguo za Idi huku ana saumu, mimi ndiye ninayepinda pindo na kushona vifungo vya kanzu zake mpaka usiku, na Desemba, sare za kwaya zinaponizidi, yeye hukaa upande wa pili wa meza akanisaidia bila kuhesabu saa. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza ndani ya wiki moja, tukawa tunafunga sote wawili, na jioni alipokuwa akifuturu alinitengea tende zangu pembeni nipeleke nyumbani. Nakueleza haya ili uone ni kitu gani ninachoogopa kukipoteza.

Mwanzoni mwa mwaka huu mwinjilisti wetu aliifundisha jumuiya yetu mfululizo wa masomo kuhusu kumshuhudia Kristo kwa makusudi katika maisha ya kila siku. Alisema, nami bado naamini alisema kweli, kwamba wengi wetu tumeiachia mikutano ya injili na wahubiri wa stendi kazi ambayo Bwana aliwapa wanafunzi wake wote, na kwamba Mkristo anayekaa na mtu miaka mingi bila kumweleza hata mara moja kwa nini anamwamini Yesu amemficha kitu kilicho bora kuliko vyote alivyo navyo. Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu katika miaka 11 nilikuwa nimezungumza na mwenzangu juu ya ada za watoto, waume zetu, bei ya vitambaa Kariakoo na misiba ya pande zote mbili, lakini habari za Yesu nilikuwa nimezigusa kwa mbali tu. Tuliagizwa kila mmoja aandike majina ya watu watatu, awaombee kila siku, atafute nafasi ya kuzungumza nao, na kila mwisho wa mwezi atoe taarifa kwenye jumuiya.

Daftari lililokuwa karibu nami lilikuwa lile la vipimo vya wateja. Ukurasa wa nyuma kabisa niliandika: "Watu watatu wa kuwaleta kwa Yesu," na jina la kwanza likawa la mwenzangu. Chini ya jina lake nikawa naandika tarehe na maneno mafupi ya kunikumbusha nitakachosema siku ya taarifa.

Wakati huohuo mama yake mzazi aliletwa kutoka Kisarawe akiwa mgonjwa, akalazwa siku tisa. Kila jioni nilipika uji wa ulezi, nikautia kwenye chupa ya chai na kuupeleka wodini, kwa sababu mgonjwa alikuwa hawezi kula kitu kingine na mwenzangu alikuwa hapati muda wa kupika. Siku ya nne nilimwomba ruhusa nimwombee mama yake kwa jina la Yesu, akakubali, nikaomba kwa sauti ya chini huku yeye ameinamisha kichwa. Usiku ule niliandika katika daftari: "Mama yake anaumwa, nafasi nzuri. Nimeomba naye."

Mama yake alipona akarudi Kisarawe. Wiki mbili baadaye, nikiwa nimekwenda kununua nyuzi, mteja wangu alifika kuuliza sare za binti yake, na mwenzangu akalifungua daftari kutafuta vipimo. Niliporudi alikuwa amelifunga na kuliweka juu ya cherehani changu. Hakupaza sauti. Aliniuliza jambo moja tu: "Shoga yangu, ule uji ulikuwa wa mama, au ulikuwa wa daftari?"

Sikuweza kumjibu, na kunyamaza kwangu kulimwumiza kuliko yale aliyoyasoma. Tangu siku hiyo tunasalimiana vizuri, kodi tumechanga kama kawaida, lakini hanitumi tena kumalizia nguo zake, na mimi nikimsogezea kiti anasema asijisumbue mtu.

Nimejichunguza mbele za Mungu ili nikueleze ukweli na si utetezi. Uji ulikuwa wa mama. Ningeupika hata kama mwinjilisti asingefika kwetu kabisa, maana mama yule amenilelea mwanangu wa mwisho kwa wiki nzima nilipokuwa nimefiwa na baba yangu. Hata hivyo, usiku ule nilipoandika neno "nafasi" nilisikia furaha fulani kwamba mwisho wa mwezi sitakuwa na ukurasa mtupu mbele ya wenzangu, na furaha hiyo haikuwa ya mama wala ya Yesu. Hiyo ndiyo sehemu ninayoionea haya, na ndiyo iliyonifunga mdomo aliponiuliza.

Nilimweleza mzee mmoja wa kanisa, akanifariji kwamba kukataliwa kwa ajili ya injili ni fungu la kila mwaminifu na kwamba nisonge mbele. Siwezi kulipokea hilo, kwa sababu mwenzangu hakumkataa Kristo. Aliuliza kama nilimpenda mama yake. Mume wangu kwa upande wake amesema dini ibaki kanisani na msikitini, na dukani tushone nguo. Yeye anakumbuka, kama tunavyokumbuka wote tuliokuwa hapa Mbagala Oktoba 2012, jinsi ugomvi wa watoto juu ya Kurani ulivyoishia kwa makanisa kuvamiwa na kuchomwa moto, na hofu yake naielewa. Lakini hata ushauri huo siwezi kuupokea wote. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inasema kuitangaza na kuieneza dini ni jambo huru na la hiari ya mtu binafsi, na mwenzangu mwenyewe ameitumia haki hiyo kwangu: zaidi ya mara moja ameniambia kwamba anamwomba Mwenyezi Mungu aniongoze niione njia yake kabla sijafa. Sikuwahi kuudhika, nililiona ni neno la mtu asiyetaka tutengane milele. Nami natamani yeye alisikie neno langu kwa namna hiyohiyo.

Kuna jambo jingine linalonizuia kusema kwamba makusudi yenyewe ni mabaya. Mimi mwenyewe nilibatizwa utotoni, nikaiacha imani nilipoolewa, na aliyenirudisha ni mama mmoja wa usharika wetu ambaye sasa ni marehemu. Nilipopoteza mimba yangu ya pili alikuja kwangu siku nyingi mfululizo, akafua, akaosha vyombo, akakaa kimya nilipotaka kimya, na nilipomuuliza siku moja anapata wapi nguvu za kufanya yote hayo kwa mtu asiye ndugu yake, ndipo akanieleza habari za Bwana. Miaka baadaye aliniambia kwamba alikuwa amekusudia tangu siku ya kwanza kuniombea mpaka nirudi. Niliposikia hivyo nililia kwa shukrani. Kwa nini kukusudiwa kulinijenga mimi na kumemjeruhi mwenzangu? Labda kwa sababu mimi nilikuwa narudi nyumbani nilikokujua, na yeye anaona anaitwa aiache nyumba yake. Labda kwa sababu yule mama hakuwa na mtu wa kumpa taarifa.

Nimesoma tena Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3, mstari wa 15: "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu." Nimelikazia macho neno lile "awaulizaye," nikaona kwamba mimi sikuulizwa, nilijitafutia mwenyewe. Kisha nikasoma Matendo ya Mitume sura ya 18, mahali Paulo anapofika Korintho na kukaa kwa Akila na Prisila kwa sababu walikuwa wa kazi moja, kushona mahema. Wanasema alikaa katika mji ule mwaka mmoja na miezi sita, na kwamba kila sabato alikwenda kuhojiana na watu katika sinagogi. Lakini waliyozungumza na wateja na majirani huku sindano ziko mikononi hayakuandikwa, na mimi ndiyo hasa niliyotaka kuyajua. Je, alingoja mpaka aulizwe? Je, alinyamaza mezani na kusema siku ya sabato tu? Mimi sina sinagogi la kwenda kuhojiana na watu. Nina meza moja, nayo ni ya watu wawili.

Ndiyo maana nakuandikia. Kwanza, naomba unishauri nimwambie nini mwenzangu. Nikimwambia uji ulikuwa wa mama tu, nitakuwa nimesema kweli nusu. Nikimweleza yote, pamoja na ile furaha ya ukurasa uliojaa, naogopa nitakuwa nimemwongezea jeraha ili mimi nipate nafuu ya dhamiri. Wala sitaki msamaha wangu uwe tena hila ya kumfungulia mazungumzo ya dini.

Pili, ule ukurasa nimeuchana, lakini maombi sijayaacha, na sioni kama ninapaswa kuyaacha. Je, naweza kuendelea kumwombea amjue Yesu, nikikusudia hivyo kwa moyo wote, bila yeye kuwa kazi niliyopewa? Kama inawezekana, naomba unieleze inaonekanaje katika siku ya kawaida ya watu wawili wanaokaa pamoja tangu saa mbili asubuhi mpaka jioni, kwa sababu mafundisho niliyopata yalinieleza namna ya kuanza mazungumzo na hayakunieleza namna ya kuendelea kuwa rafiki baada ya mazungumzo kukataliwa.

Tatu, Jumamosi ijayo ni siku ya taarifa. Wenzangu katika jumuiya wanatoa hesabu zao kwa furaha na kwa nia njema, na wengine wameleta watu kweli, nami nawashukuria Mungu. Sitaki kuwavunja moyo, na mwinjilisti wetu ni mtumishi mnyenyekevu ninayempenda. Lakini nikisimama na kusema tu kwamba jina la kwanza limeshindikana, nitakuwa nimemfanya mwenzangu kuwa taarifa kwa mara ya pili. Je, ninyamaze, au nimwombe mwinjilisti faragha aondoe utaratibu wa taarifa na kuyaacha majina kati ya mtu na Mungu wake?

Mwenzangu ameanza kukata vitambaa vya sare za shule za muhula ujao, na kazi ni nyingi kuliko mikono yake miwili. Nakuomba, kama itawezekana, jibu lako linifikie kabla hajaajiri mtu mwingine wa kumsaidia kushona.

Ni mimi msomaji wako,
Mshonaji wa Mbagala,
Dar es Salaam