Idadi Ndogo Kwenye Sensa Haitoshi Kuthibitisha Kwamba Jarida Ni Adimu

Wiki chache zilizopita mteja wetu wa muda mrefu alituletea dukani jarida la katuni za watoto la miaka ya 1970, likiwa limefungwa ndani ya kasha la plastiki na kupewa daraja la ubora la 9.8 kati ya 10. Alikuwa amelinunua kwenye mnada wa mtandaoni kwa bei ambayo ingemtosha kununua majarida mengine mazuri matatu au manne, na sababu aliyotupa ilikuwa moja tu: muuzaji aliandika kwamba katika sensa nzima, yaani orodha ya majarida yote yaliyokaguliwa na kampuni ya kupima ubora, hiyo ndiyo nakala pekee yenye daraja hilo, na kwamba hakuna iliyoizidi. Muuzaji hakusema uongo. Tulifungua sensa pamoja na mteja, tukaiona namba 1 pale ilipotajwa. Hata hivyo, tulipotazama safu ya jumla tulikuta kwamba nakala zote za toleo hilo zilizowahi kukaguliwa, za kila daraja, ni tatu. Nakala nzuri hazikuwa zimetoweka duniani. Ni kwamba karibu hakuna mtu aliyeona faida ya kulipa ada ya ukaguzi kwa jarida ambalo, likiwa nje ya kasha, huuzwa kwa dola chache.

Tukio hilo lilituuma, kwa kuwa mteja huyu ni makini na alifanya utafiti wake kabla ya kutoa fedha. Alichokosa ni maelezo ya namna ya kuisoma sensa, na maelezo hayo ndiyo tunayotaka kuyatoa hapa, kwa urefu unaostahili.

Kampuni ya CGC, ambayo makao yake yako Sarasota katika jimbo la Florida nchini Marekani, ilianza kukagua majarida ya katuni mwaka 2000. Kabla ya hapo muuzaji ndiye aliyetangaza ubora wa bidhaa yake mwenyewe, na mnunuzi aliye mbali mara nyingi aliuziwa mbuzi kwenye gunia. Kampuni nyingine, CBCS, ilifuata mwaka 2014. Wakaguzi huhesabu kurasa, hutazama pini, mgongo, pembe, rangi ya karatasi na mng'ao wa jalada, hutafuta ukarabati uliofichwa kama vile rangi iliyopakwa au gundi, kisha hutoa daraja kati ya 0.5 na 10.0. Jarida hufungwa ndani ya kasha lenye lebo na namba ya cheti. Kwa CGC, lebo ya buluu ni ya kawaida. Ya njano huonyesha saini iliyotiwa mbele ya shahidi wa kampuni. Ya zambarau huonyesha kwamba jarida limekarabatiwa. Na ya kijani huonyesha kwamba lina kasoro moja kubwa ambayo imetajwa kando badala ya kushusha daraja lote. Kila jarida linalopita mikononi mwao huongezwa kwenye sensa ya kampuni, na sensa hiyo iko wazi kwa umma.

Kwa hiyo sensa ni hesabu ya majarida yaliyopelekwa kwa kampuni fulani yakakaguliwa. Haihesabu yaliyomo kwenye masanduku ya watu, madukani, wala katika makusanyo ya watu wasiopenda makasha. Haihesabu hata yaliyokaguliwa na kampuni nyingine, na ndiyo maana sisi husoma sensa za CGC na CBCS zote mbili kabla ya kumwambia mteja lolote. Anayeelewa sentensi ya kwanza ya aya hii ameshaelewa nusu ya kazi yetu.

Mfano bora zaidi wa upande wa pili, yaani jarida ghali ambalo si adimu, ni The Incredible Hulk toleo la 181, la Novemba 1974, ambamo shujaa Wolverine anaonekana kikamilifu kwa mara ya kwanza. Watu husikia bei yake wakadhani kwamba ni jarida lisilopatikana. Ukweli ni kwamba sensa ina maelfu kwa maelfu ya nakala zake, na karibu kila mnada mkubwa wa katuni huwa na nakala kadhaa. Bei yake ni kubwa kwa sababu wanaolitaka ni wengi kuliko wanaoliuza, na hilo ni jambo tofauti na uadimu. Lakini ndani ya toleo hilohilo kuna uadimu wa aina nyingine, uadimu wa daraja. Nakala za 4.0 au 5.0 ni nyingi, za 9.8 ni sehemu ndogo sana, na ngazi moja tu ya daraja pale juu hubadilisha bei kwa maelfu mengi ya dola.

Toleo hili lina mtego mwingine ambao tumeuona kwa macho yetu. Katika miaka hiyo wachapishaji wake, Marvel, walichapa ndani ya majarida yao stempu ndogo za karatasi ambazo watoto walihimizwa kuzikata na kuzibandika kwenye kijitabu. Stempu ya Hulk 181 iko kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Mteja mmoja alituletea nakala iliyong'aa, yenye jalada safi na pembe kali, akiwa tayari ameshapiga hesabu ya thamani yake kwa daraja la 8.5. Tuliifungua polepole ukurasa kwa ukurasa, na kwenye ukurasa wa barua tukakuta tundu la mstatili, kazi ya mkasi wa mtoto wa mwaka 1974. Nakala ya namna hiyo hupewa lebo ya kijani, au lebo ya buluu yenye daraja la chini sana, na kwenye sensa zile za kijani huwekwa katika safu yake yenyewe. Anayejumlisha safu zote pamoja bila kutazama rangi ya lebo hupata picha isiyo sahihi ya toleo hili, kwa kuwa nakala zilizokatwa si chache.

Uadimu wa kweli una sababu zinazoweza kuelezwa. Action Comics toleo la 1, lililobeba tarehe ya Juni 1938 na kuuzwa kwa senti 10, lilichapwa takriban nakala 200,000, na wanaofuatilia hukadiria kwamba zilizobaki ni 100 hivi. Zingine zilisomwa na watoto hadi zikachanika, zikatupwa na wazazi, au zikaishia kwenye makusanyo ya karatasi chakavu wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ilipowahimiza wananchi kutoa karatasi. Katika miaka ya baada ya vita zikaja kampeni za kuyachoma moto majarida ya katuni kwa madai kwamba yanaharibu watoto. Nakala ya daraja la 8.5 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6 mwezi Aprili 2024. Hapa namba ndogo ya sensa ina maana nzito, kwa sababu karibu kila mwenye nakala ana kila sababu ya kuipeleka ikaguliwe. Ndiyo kanuni tunayoitumia wenyewe: jarida likiwa ghali, sensa yake hukaribia ukweli, likiwa rahisi, sensa yake haituambii mengi.

Linganisha na X-Men toleo la 1 la mwaka 1991, lililoandikwa na Chris Claremont na kuchorwa na Jim Lee, ambalo liliuzwa nakala zaidi ya milioni 8 zikiwa na majalada tofauti. Wengi walinunua nakala kumi kumi wakaziweka kwenye mifuko ya plastiki wakingoja utajiri. Nakala hizo bado zipo, na nyingi ni safi. Ukikuta mtu anakuuzia nakala ya 9.6 ya toleo hilo akisema ni adimu, muulize ni nani aliyezitupa zile nyingine.

Kisha kuna majarida ambayo sensa huyaficha kwa kuyachanganya na ndugu zao. Mwaka 1977 Marvel walijaribu kupandisha bei kutoka senti 30 hadi senti 35 katika masoko machache ya Marekani kabla ya kuipandisha kila mahali. Star Wars toleo la 1 lenye bei ya senti 35 ni adimu mno kuliko lile la senti 30, ingawa ndani yote mawili yanafanana, na sensa huliorodhesha peke yake. Tatizo ni kwamba machapisho ya marudio ya toleo hilo nayo yana bei ya senti 35. Tunawasihi wateja wasinunue nakala isiyo ndani ya kasha kwa kutazama bei peke yake: katika marudio, namba na bei mara nyingi huwa ndani ya umbo la almasi, au neno la Kiingereza "Reprint", yaani chapa ya marudio, huandikwa kwenye pembe ya jalada. Vivyo hivyo, kwa miaka mingi nakala zilizouzwa kwenye vibanda vya magazeti zimehesabiwa pamoja na zile zilizouzwa kwenye maduka maalumu ya katuni, ingawa kufikia miaka ya 1990 zile za vibandani zilikuwa chache zaidi na zilishikwashikwa sana. Kwa majarida ya kipindi hicho sensa mara nyingi haisaidii. Inabidi kutazama picha za nakala zilizouzwa, moja moja, na kuhesabu zile za vibandani.

Namba za sensa pia husogea, na mara nyingi husogea kuelekea juu. Mtu huvunja kasha la daraja la 9.4, hulipeleka jarida kunyooshwa kwa mashine ya joto na uzito ili mikunjo midogo ipotee, kisha hulirudisha kukaguliwa akitumaini 9.6. Asiporudisha lebo ya zamani, sensa huhesabu majarida mawili mahali palipo na moja. Kwa majarida ghali jambo hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Wakati mwingine namba hupanda kwa sababu ya haki kabisa: mwaka 1977 mfanyabiashara Chuck Rozanski alinunua huko Colorado mkusanyiko wa Edgar Church, maelfu ya majarida ya miaka ya 1930 hadi 1950 yaliyohifadhiwa kwa marundo katika nyumba yenye hewa kavu na baridi, na hadi leo nakala za juu kabisa za matoleo mengi ya zama hizo zinatoka humo. Nani ajuaye kuna masanduku mangapi kama hayo? Ndugu watatu wa California waliokuwa wakisafisha nyumba ya mama yao aliyefariki walikuta darini Superman toleo la 1 la mwaka 1939, ndani ya sanduku la karatasi. CGC waliipa daraja la 9.0, ikawa ya juu kuliko nyingine zote walizowahi kukagua, na Novemba 2025 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 9. Aliyekuwa na nakala iliyoongoza orodha kabla ya hapo aliamka siku moja akiwa wa pili.

Kwa sababu hizi hatumpi mteja namba ya siku moja. Kwa kila jarida tunalolifuatilia kwa niaba yake tunaandika tarehe, jumla ya nakala zilizokaguliwa, idadi katika daraja lake, idadi iliyo juu yake, na safu ya kila rangi ya lebo, kisha tunarudia kila baada ya miezi mitatu. Tuchukue mfano wa kubuni: toleo lilikuwa na nakala 400 kwa jumla, 10 kati yake zikiwa za 9.8. Mwaka mmoja baadaye jumla ni 430 na za 9.8 ni 25. Nakala 30 zimeingia, na nusu yake zimepata 9.8, wakati hapo awali ilikuwa moja katika kila 40. Hali hiyo hutuambia kwamba huenda mtu amepata boksi zima ambalo halikuwahi kufunguliwa, na kwamba nakala nyingine zitafuata. Mteja mwenye nakala ya 9.8 ya toleo hilo anapaswa kupata taarifa yetu mapema, kabla bei haijashuka. Kando ya namba hizo tunaandika bei za mauzo yaliyokamilika. Bei zinazoombwa na wauzaji hatuziweki.

Huduma hii haigharimu chochote kwa majarida matano ya kwanza. Ukituletea jarida lililo ndani ya kasha, tutaanza kwa kulinganisha namba ya cheti na rekodi ya kampuni pamoja na picha iliyopo, na tutatazama kingo za kasha kama zimeguswa, kwa kuwa wamewahi kuwapo watu waliofungua makasha kwa ustadi na kubadilisha kilichomo. Ukituletea jarida lisilokaguliwa, tafadhali lilaze kati ya makaratasi magumu mawili ndani ya mfuko, usilikunje, usibandike gundi ya plastiki popote palipochanika, wala usijaribu kufuta uchafu kwa raba. Kwa Hulk 181, tutakuomba ruhusa ya kufungua ukurasa wa barua kabla ya kukushauri kulipa ada yoyote.

Mteja wetu wa lile jarida la watoto ameamua kulibakiza. Tumeliingiza kwenye daftari lake kama mengine: jumla 3, daraja la 9.8 nakala 1, juu yake hakuna. Tutalitazama tena baada ya miezi mitatu.