Mdogo wangu, usilitie jicho lile jiwe

Mdogo wangu,

Nimesikia yule dalali anataka uliongezee lile jiwe ulilochonga jicho na mdomo, liwe ndege korongo, ndipo alinunue. Nakuandikia mbele ya watu kwa kuwa wachongaji wengi wa mawe wa Tabaka, kwetu Kisii, huambiwa maneno hayo hayo. Nakusihi, usilitie jicho.

Uliniambia wazo ulilitoa shambani, kwenye maharagwe yanayochipua baada ya mvua. Mche wa haragwe hautangulizi kichwa. Shina hujikunja, likapasua udongo kwa mgongo, likavuta nyuma yake zile nusu mbili za mbegu, na likishafika kwenye mwanga ndipo linaponyooka. Wewe umechukua ule mgongo tu. Chini yake umetoboa tundu, na kwingine kote umeliacha jiwe zito, halijafunguka. Mtu akilizunguka anaihisi ile nguvu ya kusukuma kabla hajajua ni kitu gani. Likipata jicho, atasema "ndege" na kwenda zake.

Jiwe lenyewe liko upande wako. Jiwe letu la Kisii ni laini mno, ndiyo maana panga linatosha kuanzia kazi na ukucha unaacha alama. Ulaini huo ndio unaowavuta watu kuchonga kila kitu: manyoya, kope, kucha. Wewe umejizuia. Ule mshipa wa waridi ndani ya weupe umeuacha ufuate mkunjo tangu chini hadi juu, na hapo ndipo dalali anapotaka jicho likae! Lingeukata katikati.

Ila shingo inanipa wasiwasi. Jiwe laini halivumilii kupindwa wala kugongwa, na pale tundu linapokaribia ukingo pamebaki pembamba. Wakati wa kulainisha, kaa na akina mama wanaosugua kwa msasa na maji, uwaonyeshe mahali pa kuishia. Kazi yao haitajwi sana, lakini mkunjo mzuri unaweza kupotea au kukamilika mikononi mwao.

Sipingi ndege. Mzee Elkana Ong'esa, mtu wa huko huko kwetu, alichonga ndege wa amani, Enyamuchera, na sanamu hiyo iko makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Lakini yule alikusudiwa kuwa ndege. Wako ni mche.

Soma pia habari za mchongaji Barbara Hepworth wa Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alitoboa kipande cha alabasta, jiwe jingine laini, tundu likapita upande hadi upande. Sanamu ile iliharibiwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, lakini hakuacha kutoboa. Baadaye aliishi St Ives, pwani ya Cornwall, na bahari na miamba ya huko imo katika kazi zake ingawa huwezi kunyoosha kidole ukasema hili ni wimbi. Wewe una vilima vya Gusii, chemchemi, na mashimo ya machimbo yanayojaa maji ya mvua. Hazina hiyo haijaguswa hata nusu.

Ada ya watoto haingoji, najua. Sanamu za wanyama viboko na visahani vya sabuni mchongee dalali, ni kazi ya heshima na imesomesha wengi wetu. Hili moja mnyime. Nitakuja na magunia, tulifungie majani makavu ya migomba pande zote, hasa shingoni, nilipeleke Nairobi mwenyewe nikalionyeshe kwa watu wanaonunua sanamu na kumuuliza mchongaji ni nani. Kazi nyingi mno za Tabaka zimevuka bahari bila jina la aliyezichonga. Kwa hiyo kabla hujalipaka nta, ligeuze, uchonge jina lako chini, majina yote mawili, na mwaka.

Kaka yako